Sura ya Saba: Siku Baba Alipokubali

Hata kabla gari halijasimama vizuri, Vella alimvua Lucius kofia, akaitupa kiti cha nyuma na kuifunika kwa koti lake.

“Rangi ile ikionekana tu, tumekwisha,” alisema.

“Ni kofia tu, mpenzi.”

“Ni kofia ya Gilead, na hii ni wiki ya mchezo. Kwetu wiki hii Mama hapiki hata bitiruti, kwa sababu ya rangi yake. Usicheke, Lucius. Nakwambia kweli.”

Lucius alikuwa ameshacheka. Alikuwa na cheko la chini chini, la kifuani, na cheko hilo ndilo lililomfikisha Vella hapa alipo: binti wa Ezell Tolliver, mtoto wa Ashby tangu tumboni, akiwa na pete ya kijana wa Gilead, chuo hasimu cha ng’ambo ya mto, imening’inia kwenye mkufu ndani ya blauzi. Pete ile ingehamia kidoleni siku Baba atakaposema ndiyo. Vella alikuwa ameliweka hilo wazi tangu mwanzo. Alimpenda Lucius kiasi cha kukosa usingizi, lakini kuolewa bila ridhaa ya baba yake hakukuwamo katika hesabu zake.

“Ukinitazama hivyo nitasahau maneno yote niliyojiandaa kumwambia mzee,” Lucius alisema.

“Nakutazama vipi?”

“Kama Jumapili ile.”

Vella akageuza uso dirishani ili asimwone akitabasamu. Jumapili ile walikuwa wamesimama juu ya tuta la mto, upepo wa Novemba unawachapa masikio, na Lucius alipopewa jibu la posa yake alishindwa kusema. Alirudi nyuma hatua chache, akakunja viwiko kama mbawa, akainua goti moja, akazunguka mara mbili, kisha akainama na kuipigapiga ardhi kwa kiganja, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Vella alicheka mpaka machozi yakamtoka. “Kichekesho gani hicho?” alimuuliza. “Cha baba yangu,” Lucius alijibu. “Alinifundisha nikiwa mdogo. Kwetu mtu akipata kitu kikubwa ndivyo anavyocheza.” Tangu siku hiyo, kila akifumba macho, Vella alimwona akicheza vile.

Uani moshi wa nguruwe ulikuwa umeshatanda mpaka barabarani. Baba alikuwa amemweka mnyama kwenye pipa la kuchomea tangu alfajiri, kama alivyofanya kila Ijumaa ya kuamkia mchezo, na mjomba Cleophus, kaka yake Mama, alikuwa amekaa kiti cha plastiki kando ya moto akisaidia kwa mdomo.

“Huyu ndiye wa Gilead?” Cleophus aliuliza, akimkagua Lucius toka chini hadi juu. “Mbona kavaa viatu? Niliambiwa upande ule wa mto viatu havijafika.”

“Vilifika, mjomba,” Lucius alijibu. “Mlividondosha wenyewe uwanjani mwaka wa sabini na tisa, mkikimbia.”

Cleophus aliangua kicheko, akajipiga paja. “Kijana ana ulimi. Dada Bernadine, njoo umsikie huyu. Lakini nani aliyewaingizia nguruwe kanisani kwenu, wamepakwa rangi yenu ya damu ya mzee, mkashindwa kuwatofautisha na wahadhiri?”

“Na kengele yenu nani aliyewaibia? Mpaka leo sisi ndio tunaoipiga.”

Hivyo ndivyo walivyokuwa watu wa huko. Ashby na Gilead vilikuwa vyuo viwili vilivyotenganishwa na mto na mashamba ya pamba. Watu wake waliimba nyimbo zilezile kanisani, walikula mkate wa mahindi uleule, na walizikana. Ila Jumamosi moja kila Novemba vijana wao walipokutana kwenye ule mpira wao wa kubeba kifuani na kuangushana, ndugu walipishana njiani bila kusalimiana. Wengi walichukulia utani, wakasameheana Jumapili. Nyumba ya Tolliver haikuwa miongoni mwao.

Roscoe, mdogo wake Baba, alikuwa mbeba mpira wa Ashby, na watu wazima walisema hajatokea mwingine wa kukimbia vile. Mchezo mmoja na Gilead ulimvunja shingo. Vella alimkuta tayari yuko kitandani, chumba cha nyuma, mwili umekufa toka mabegani kwenda chini. Kumbukumbu zake za kwanza kabisa duniani zilikuwa za Baba Mdogo huyo akimwita, “Vella, njoo unikune pua,” naye anakimbia kumkuna, kisha wote wawili wanacheka. Baba alimlisha, akamgeuza, akamnyoa ndevu, mpaka alipofariki Vella akiwa na miaka saba. Mtu aliyemvunja Roscoe hakutajwa ndani ya nyumba ile. Vella alikuwa hajui hata jina lake.

“Karibu,” Baba alimwambia Lucius, akimpa mkono wenye majivu. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti. “Vella amesema una jambo la kuniambia.”

“Ndiyo, mzee. Ukiwa na nafasi.”

“Tule kwanza. Mtu wa Gilead akisema na njaa, humwelewi.”

Kwa Baba huo ulikuwa ukarimu, na moyo wa Vella ukatulia kidogo. Akaingia jikoni kumsaidia Mama na mboga.

Huko nje Cleophus akaanzisha mchezo wa kurusha viatu vya farasi. Vella aliwaona kupitia dirishani. Kigingi cha chuma kilikuwa kimesimikwa mwisho wa ua, na mrushaji alitakiwa kukitupa kile chuma kilichopinda hadi kikumbatie kigingi. Cleophus alikosa, akakilaumu kigingi. Lucius alirusha cha kwanza kikapita pembeni. Cha pili kikaruka juu, kikashuka, kikakizunguka kigingi na kutulia pale.

Na Lucius, kwa furaha, bila kufikiri, akakunja viwiko. Akainua goti. Akazunguka mara mbili, akainama, akaipigapiga ardhi.

Cleophus alikuwa ameinama kuokota chuma chake, hakuona kitu. Ila mkono wa Baba, uliokuwa ukipaka mchuzi wa siki kwenye nyama, ulisimama palepale, na ile siki ikaendelea kudondoka motoni.

Nyuma ya Vella, mwiko ulianguka sakafuni.

“Mama?”

“Mikono ina mafuta,” Mama alisema. Hakuuokota. Alikuwa akitazama nje.

“Kijana,” Baba aliita, “nani alikufundisha kucheza hivyo?”

“Baba yangu, mzee.”

“Naye alicheza mpira?”

“Mwenyewe anasema alikaa benchi tu pale Gilead. Alikuwa wa kubeba maji.”

“Benchi,” Baba alirudia. Halafu akacheka. Vella hakukumbuka mara ya mwisho alipomsikia akicheka wiki ya mchezo. “Sogea hapa, mwanangu. Nikukatie sehemu nzuri kabla Cleophus hajaimaliza.”

Kuanzia hapo Baba alikuwa mtu mwingine. Alimkatia Lucius nyama laini ya mgongoni, ile ambayo kila mwaka aliiweka pembeni bila kumpa mtu. Alimmiminia chai baridi ya sukari kwa mkono wake. Alimuuliza kuhusu kazi yake, kuhusu mama yake, kama yeye ni mtoto wa pekee, kama baba yake bado ana nguvu, kama bado anaishi upande wa pili wa mto. Lucius alijibu yote kwa adabu, na kila baada ya jibu alimtupia Vella jicho la kushangaa kwa furaha: umeona? Vella aliona. Alijishika kifua, akaigusa pete juu ya blauzi.

“Mama, amempenda,” alinong’ona.

Mama alikuwa akikata pai ya viazi vitamu, na vipande vilikuwa vikitoka vibaya. “Kijana anatumia jina la nani?” aliuliza.

“Gaines. La mama yake. Wazazi wake hawakuoana. Kwa nini?”

Kabla Mama hajajibu, Baba alisimama, akajifuta mikono na kuliinamia sikio la Lucius, lakini alisema kwa sauti iliyosikika uani kote. “Njoo bandani.”

Cleophus alipiga mbinja. Vella nusura arushe sahani. Kila mtu wa ukoo ule alijua maana yake. Banda la nyuma lilikuwa la wanaume wa Tolliver na mashemeji zao. Humo Baba alitunza filamu ya mchezo ule wa mwisho wa Roscoe, aliyopewa na kocha wa Ashby, na kila mkesha wa mchezo aliiwasha. Mwanamke haingii, mgeni haingii. Mume wa binamu yake Odelia alichumbia mwaka mzima, na siku alipoitwa bandani ndipo wanawake walipoanza kushona magauni.

“Nimeolewa,” Vella alisema, na sauti ikamkatika kwa furaha. “Mama, nimeolewa.”

Mama alimshika mkono. “Nenda nao.”

“Mimi? Wanawake hawaingii.”

“Mimi niliingia mara moja, mwaka ule wa kwanza baada ya Roscoe kuumia, kabla hajaweka kufuli. Sina hakika na nilichokiona leo, na Mungu ajalie niwe nimekosea. Nenda, Vella. Ukatazame kwa macho yako.”

Vella alipofika mlangoni mwa banda, Baba alikuwa akifunga mapazia. Alimtazama, na Vella alitegemea kufukuzwa.

“Ingia,” Baba alisema. “Inakuhusu.”

Ndani kulinuka mafuta ya bunduki. Ilikuwa msimu wa kuwinda paa, na bunduki ya Baba ilining’inia juu ya mlango, imesafishwa. Mashine ya filamu ilikuwa juu ya meza. Mbele yake kulikuwa na kiti kimoja cha mbao, na mgongoni mwa kiti kulikuwa na jezi ya kijani, namba ishirini na mbili, imekatwa kifuani kwa mkasi wa madaktari. Cleophus na wengine siku zote walikaa chini, pembeni ya kiti hicho. Baba aliinua jezi, akaikunja juu ya mkono wake.

“Kaa,” alimwambia Lucius.

“Nitasimama tu, mzee. Naona hicho ni cha marehemu.”

“Mimi ndiye ninayesema nani akae. Kaa, mwanangu.”

Lucius alimwangalia Vella, akakaa kwenye ncha kabisa. Mashine ikaanza kutatarika.

Filamu haikuwa na sauti. Ukutani alitokea kijana mwembamba akiwa na mpira kifuani, na Vella akaitambua pua ile, pua aliyoikuna utotoni. Roscoe alikimbia na miguu yake ilifanya kazi, kitu ambacho Vella hakuwahi kukiona. Wakamkamata, wakamwangusha kwa heshima zote za mchezo. Mwamuzi akainua mikono kwamba imekwisha. Roscoe akainuka, akageuka kumkabidhi mpira.

Ndipo akatokea wa Gilead, namba hamsini na tisa, toka nyuma, akikimbia kwa nguvu zote wakati wengine wote wameshasimama. Alimpiga kwa kichwa chenye kofia ngumu ya mchezo, chini ya kisogo. Roscoe alianguka na hakujikinga kwa mikono.

Na yule namba hamsini na tisa akarudi nyuma hatua chache. Akakunja viwiko kama mbawa. Akainua goti moja, akazunguka mara mbili, kisha akainama na kuipigapiga ardhi kwa kiganja, karibu na kichwa cha Roscoe, polepole.

Vella alisikia sauti na baadaye akagundua imetoka kwake. Baba akairudisha filamu nyuma, akaionyesha ile ngoma tena. Halafu tena. Mara ya tatu Lucius alifunika uso.

“Fungua macho,” Baba alisema bila ukali. “Mimi nayafungua kila mwaka.”

“Aliniambia alikaa benchi.” Lucius alikuwa akizungumza na sakafu. “Aliniambia aliibuni jikoni kwa bibi, kunichekesha mimi.”

“Thaddeus Bowdre.”

“Ndiyo, mzee. Ndilo jina lake.”

“Najua ndilo. Nilikuwa kwenye mstari wa pembeni mwa uwanja, hatua chache tu toka pale. Nilidhani ameinama kumsaidia.”

“Mzee, hata sijui niseme nini. Nikisema pole, nitakuwa nakutukana.”

“Usiseme kitu. Ulikuwa hujazaliwa.”

“Baba,” Vella alisema, “Lucius hana kosa.”

“Nimesema analo?” Baba alizima mashine, na banda likawa na kiza cha mapazia tu. “Unampenda?”

“Nampenda.”

“Hata sasa?”

Vella alimtazama Lucius. Alitafuta ndani yake mtu wa ukutani, na kwa bahati mbaya akampata. Mabega yalikuwa yaleyale, na shingo, na urefu wa mikono. Lucius naye aliinua macho, na hakukuwa na ombi ndani yake. Alikuwa anamwachia aende zake. Hapo Vella akajua kwamba angemfuata hata kama angeambiwa amwache, na likamwuma kama kumsaliti Baba Mdogo.

“Hata sasa,” alisema.

“Basi nimekubali.”

Lilikuwa neno alilolipigia magoti kila jioni tangu Jumapili ile. Sasa amelipata, na akaufunika mkufu kwa kiganja.

“Toa hiyo pete, uivae. Usinifiche, nimeona mkufu,” Baba aliendelea, karibu kwa upole. “Harusi itakuwa hapa uani, majira ya kuchipua. Nguruwe nitachoma mwenyewe. Na wewe, mwanangu, utamleta baba yako.”

“Hatakuja, mzee. Hajawahi kuvuka mto. Tulidhani ni woga wa madaraja.”

“Kwa harusi ya mtoto wake wa pekee? Atavuka. Mimi nimemtafuta huyo mtu tangu tulipomzika mdogo wangu. Kila nilikofika, waliniambia alihama wiki iliyopita, alihama mwezi uliopita. Sasa atavaa suti, ataingia langoni kwangu kwa miguu yake, na watu watamkaribisha. Na muziki ukianza, nataka acheze ile ngoma mbele yangu. Sitaki mahari wala sitaki radhi. Acheze tu.”

“Halafu?” Vella aliuliza.

Baba aliirudisha jezi mgongoni mwa kiti, akailaza vizuri mabegani, ingawa Lucius alikuwa bado amekaa.

“Halafu atakuwa amecheza,” alisema.

Alimshika Lucius kiwiko, akamwinua, akatoka naye. Alipopita mlangoni aliinua mkono akaigusa bunduki, kidogo tu, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Vella alitembea mpaka jikoni asijue anatembea. Mama alikuwa pale alipomwacha, mbele ya pai iliyokatwa ovyo.

“Amesemaje?”

“Amekubali, Mama.”

Mama alizima jiko. Akazima na tanuri, na nyama ya kesho ikiwa mbichi ndani. Halafu akatoa funguo za gari lake kwenye msumari, akamwekea Vella kiganjani na kuvikunja vidole juu yake.

“Endesha wewe, yeye mikono itamtetemeka. Mwende kwa dada yangu, Memphis. Mkaoane huko kimya kimya, na msinipigie simu ya nyumbani kunambia ni lini. Na huyo mzee wake ahame tena.”

“Baba hatanisamehe.”

“Hatakusamehe. Lakini hutamtembelea gerezani.”

“Na wewe?”

“Mimi nimekaa naye akiwa na kiti kile bandani. Najua kukaa naye. Mchukue mwanaume wako, Vella. Mwambie ukweli wowote utakaomtoa hapo uani.”

Vella aligeukia dirisha. Baba alikuwa amemkumbatia Lucius mabegani na kumpeleka mpaka kwenye mstari wa kurushia. Cleophus, asiyejua lolote, alikuwa akiwapigia makofi kwa mdomo umejaa nyama, akipiga kelele kwamba sasa Gilead ni shemeji. Baba alikiokota kiatu cha farasi, akakipangusa vumbi kwenye aproni, akamkabidhi Lucius.

“Rusha tena, mwanangu.”

Lucius alitazama dirishani. Macho yao yakakutana kupitia kioo, na Vella akainua funguo ili azione. Aliziona. Akaupeleka mkono nyuma, legelege, kama mtu asiyejua kurusha kabisa, na Vella akaomba kwa moyo wote kwamba akose.

Chuma kiligonga kigingi, kikakizunguka, kikatulia.

“Haya,” Baba alisema. “Cheza.”